Protini kwa Wazee Waliougua Sana: Kazi Inayobaki Mgonjwa Akirudi Nyumbani

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na mratibu wa miradi ya dayosisi katika semina ya kamati za sharika kuhusu huduma kwa wazee. Tunaichapa kwa ajili ya sharika ambazo hazikuweza kutuma wajumbe.



Kwa kawaida tunapokutana huzungumzia visima vya maji, mikopo ya vikundi na ada za watoto yatima. Leo tumeomba nafasi ya kuzungumzia jambo lisilo na jengo la kuzindua wala kibao cha mradi cha kusimika barabarani. Jambo hilo ni chakula cha mzee aliyeugua sana, na hasa protini iliyomo katika chakula hicho.

Katika sharika zetu mzee akizidiwa, watu hujitahidi kweli kweli. Gari hutafutwa usiku wa manane, michango hukusanywa, na vijana hujitolea damu. Akitoka hospitali akiwa hai tunamshukuru Mungu, na wengi wetu huona kazi imekwisha. Wiki chache baadaye tunasikia kwamba mzee yule hainuki kitandani, ana vidonda vya kulalia, kifua kimebana. Kisha tunaitwa msibani. Watu husema ugonjwa ulimrudia, na mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini mara nyingine ugonjwa uliompeleka hospitali ulikwisha kutibiwa vizuri. Kilichomshinda ni mwili uliokwisha misuli: ya kumwinua, ya kumsaidia kukohoa, hata ya kuvutia pumzi.

Hapo ndipo usharika una nafasi, na ndiyo sababu ya mada hii.

NINI HUTOKEA MWILINI

Mtu mwenye ugonjwa mkali, iwe ni homa kali ya mapafu, sumu ya vijidudu katika damu, kiharusi, nyonga iliyovunjika au upasuaji mkubwa, mwili wake huingia katika hali ya vita. Unahitaji malighafi ya kutengeneza chembe za kinga, kuziba majeraha na kulisha viungo muhimu. Malighafi hiyo ni protini. Mafuta yana ghala lake mwilini, lakini protini haina ghala la akiba. Ghala lake ni misuli yenyewe. Hivyo mwili huanza kuvunja misuli ya mapaja, ya mikono na ya kifua ili kupata inachohitaji.

Kasi yake ni kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 nchini Uingereza uliwapima kwa mashine ya picha wagonjwa 63 waliokuwa mahututi. Katika siku 10 msuli wa mbele wa paja ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18. Na waliokuwa na viungo vingi vilivyoshindwa kufanya kazi walipoteza zaidi ya wengine.

Kwa mzee hali ni ngumu zaidi kwa sababu tatu. Kwanza, anaingia katika ugonjwa akiwa na misuli kidogo, kwa kuwa misuli hupungua kadiri umri unavyosonga. Pili, misuli ya mzee ni mizito kuitikia chakula. Kiasi cha protini kinachotosha kujenga misuli ya kijana wa miaka 25 hakitoshi kwa babu yake wa miaka 75. Tatu, kulala peke yake kunakula misuli. Mwaka 2007 nchini Marekani wazee wenye afya njema, wastani wa umri miaka 67, walijitolea kulala kitandani kwa siku 10 huku wakipewa chakula. Hawakuwa wagonjwa hata kidogo, lakini kila mmoja alipoteza kwa wastani karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Kama hivyo ndivyo kwa mzima aliyelala tu, tufikirie mgonjwa mwenye homa ambaye hali.

KIASI GANI KINAHITAJIKA

Mwaka 2013 jopo la wataalamu wa afya ya wazee kutoka nchi mbalimbali lilitoa mapendekezo ambayo bado yanatumika. Mzee mwenye afya anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mzee mgonjwa anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5, na aliyeumia vibaya au aliyedhoofika sana anaweza kuhitaji zaidi, kwa maelekezo ya daktari.

Tulete hesabu hiyo nyumbani. Bibi mwenye kilo 45 anayeuguzwa anahitaji kati ya gramu 54 na 67 hivi za protini kwa siku. Sasa tuangalie anachopewa katika nyumba nyingi: uji mwembamba wa mahindi wenye sukari. Kikombe kimoja cha uji huo kina takriban gramu 2 za protini. Akinywa vikombe vinne kwa siku, na wengi hawafikishi, amepata gramu 8. Isitoshe, protini ya mahindi ina upungufu wa laisini na triptofani, ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Bibi huyu hakunyimwa chakula. Wanawe wanampenda na wanamlisha kwa kijiko, lakini mwili wake unaendelea kujila.

Tuseme pia kuhusu supu. Sote tunajua heshima ya supu ya mifupa kwa mgonjwa. Ni nzuri kwa kumpa maji, chumvi na hamu ya kula, lakini protini nyingi imebaki kwenye nyama, na nyama hiyo mara nyingi huliwa na wauguzaji. Mgonjwa apewe nyama yenyewe, iliyopikwa ikalainika na kusagwa au kupondwa.

MGONJWA AKIWA MAHUTUTI HOSPITALI

Hapa tunaomba tuelewane vizuri, kwa sababu mtu akisikia kwamba protini ni muhimu anaweza kufikiri kwamba nyingi zaidi ndiyo bora zaidi. Sivyo. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 16 kwa wagonjwa wapatao 1,300 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kundi moja lilikusudiwa kupewa protini nyingi, gramu 2.2 au zaidi kwa kilo, na jingine kiasi cha kawaida kisichozidi gramu 1.2. Waliopewa nyingi hawakutoka hospitali mapema kuliko wenzao. Na kwa wale ambao figo zao zilikuwa zimeshindwa ghafla, dalili zilikuwa kwamba kiasi hicho kikubwa kiliwadhuru.

Kwa hiyo katika siku za mwanzo za ugonjwa mkali, kiasi cha chakula ni uamuzi wa daktari na mtaalamu wa lishe. Kwa kawaida huanza kidogo na kuongeza hatua kwa hatua. Kazi ya ndugu na usharika katika siku hizo ni kufuata maelekezo na kuepuka mambo yafuatayo:

1. Tusimlishe kwa mdomo mgonjwa aliyesinzia au asiyejitambua. Uji unaomiminwa mdomoni mwa mtu wa namna hiyo huingia kwenye mapafu. Wazee wengi wa kiharusi hupata homa ya mapafu kwa njia hii, mikononi mwa watu wanaowapenda.

2. Mgonjwa akiwa na mrija wa kulishia unaopitia puani, tusimimine chochote bila muuguzi kuruhusu. Katika hospitali nyingi chakula cha mrija huandaliwa na ndugu, basi tumuulize muuguzi mchanganyiko gani utumike. Tusiongeze maji ili tu upite kwa urahisi, maana tunaongeza maji na kupunguza chakula.

3. Mtu aliyekaa siku nyingi karibu bila kula asifidiwe kwa sahani kubwa siku ya kwanza. Chakula kingi cha ghafla huvuruga madini katika damu yake na kinaweza kusimamisha moyo. Aanze kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Mgonjwa akishatoka katika hatari ya mwanzo na kuhamia wodi ya kawaida, chakula kinakuwa sehemu ya dawa. Nchini Uswisi, katika hospitali 8, wagonjwa zaidi ya 2,000 waliolazwa wakiwa katika hatari ya utapiamlo, wengi wao wazee, waligawanywa makundi mawili. Hawa hawakuwa mahututi, walikuwa wagonjwa wa wodi za kawaida. Kundi moja lilipata chakula cha kawaida cha hospitali. Jingine lilifuatiliwa na wataalamu wa lishe, kila mgonjwa akiwekewa lengo lake la nguvu na protini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Baada ya siku 30, katika kundi la kwanza walikuwa wamefariki 10 katika kila 100, na katika kundi la pili 7. Hapakuwa na dawa mpya. Palikuwa na mtu aliyeuliza kila siku mgonjwa amekula nini, na kurekebisha.

AKIRUDI NYUMBANI

Ndugu wajumbe, huyo mtu wa kuuliza ndiye ambaye usharika unaweza kumtoa. Chakula chenyewe tunacho. Kwa makadirio:

Yai moja lina gramu 6 za protini.
Kikombe cha maziwa au mtindi (robo lita) kina gramu 8.
Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 7.
Gramu 10 za dagaa wakavu waliosagwa zina gramu 6.
Kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa kina gramu 4.
Gramu 50 za nyama au kuku aliyeiva zina gramu 13.

Turudi kwa bibi yetu wa kilo 45. Asubuhi apewe kikombe cha uji uliopikwa kwa maziwa na kijiko cha karanga, pamoja na yai moja la kuchemsha: gramu 20. Mchana ugali wa wastani, nusu kikombe cha maharage yaliyopondwa, na unga wa dagaa ndani ya mboga ya mchicha: gramu 21. Saa kumi jioni kikombe cha mtindi: gramu 8. Usiku mtori wenye nyama iliyosagwa: gramu 13. Jumla ni gramu 62. Hakuna kilichotoka dukani kwenye kopo la kigeni, na hakuna kisichojulikana na mama yeyote hapa. Asiye na nyama aongeze yai, na asiye na maziwa aongeze kunde au choroko. Mahindi na maharage yakiliwa pamoja husaidiana, kwa kuwa laisini inayopungua katika mahindi imo kwa wingi katika maharage.

Tuzingatie kwamba kila mlo una protini yake. Tusimpe uji mtupu mchana kutwa halafu nyama usiku tu. Asiye na meno asilaumiwe kwamba hataki kula. Maharage yaondolewe maganda na kupondwa, na yai livurugwe ndani ya uji unaochemka mpaka liive kabisa. Mgonjwa akae wima wakati wa kula na nusu saa baada ya kula. Akikohoa au kupaliwa kila anapomeza, arudishwe kwa mtaalamu.

Chakula bila kujinyoosha hakitoshi. Misuli hujengwa pale inapotumika. Aketi pembeni ya kitanda, kesho asimame akishikiliwa, kesho kutwa atembee mpaka mlangoni. Kijana wa kwaya anayekwenda kumwimbia anaweza pia kumshika mkono wakazunguka uani.

TAHADHARI

Wenye ugonjwa mkubwa wa figo na ambao hawajaanza kusafishwa damu wasiongezewe protini bila ushauri wa daktari. Mwenye kisukari uji wake usijazwe sukari. Mwenye shinikizo la damu mara nyingi hukatazwa mayai na majirani, wakati kinachopaswa kupunguzwa kwanza ni chumvi. Dagaa wenye chumvi walowekwe na kuoshwa vizuri. Maziwa yachemshwe.

TUNAPENDEKEZA NINI

Kwanza, kila jumuiya imteue mtu mmoja wa kufuatilia mzee anayetoka hospitali, kwa wiki sita za mwanzo. Siku ya kuruhusiwa aulize maswali matatu kabla ya kuondoka wodini: Je, figo zake zinaruhusu protini ya kutosha? Je, anameza salama? Je, arudi kliniki lini?

Pili, mtu huyo awe na futi ya fundi cherehani. Apime kigimbi cha mguu mahali palipo panene zaidi. Kikiwa chini ya sentimeta 31 na mguu haujavimba, ni dalili kwamba misuli imepungua sana. Amwombe pia mzee ainuke kwenye kiti bila kushika kitu. Asiyeweza ahesabiwe kuwa katika hatari. Vipimo hivi havihitaji mashine, na vikirudiwa kila wiki mbili vitatuambia kama tunafanikiwa.

Tatu, tubadili kapu la kumtembelea mgonjwa. Tunapokwenda kumwona mzee tunabeba soda, sukari, biskuti na juisi. Kreti nzima ya soda, chupa 24, haina hata gramu moja ya protini. Trei moja ya mayai ni mayai 30, ambayo kwa mzee anayekula mawili kwa siku ni siku 15. Umoja wa Wanawake wakiamua hivyo leo, Jumapili ijayo kapu limebadilika bila kuongeza bajeti.

Nne, kila usharika utenge kifungu cha lishe ya wazee wagonjwa katika bajeti ya udiakonia, hata kama ni kidogo. Sharika zenye mabanda ya kuku au mbuzi wa maziwa zipange sehemu ya mazao iende huko kwanza kabla ya kuuzwa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na iliitaja familia na jamii kuwa na wajibu wa kumtunza. Jamii ni sisi tulioketi hapa.

Kwa marafiki zetu wafadhili tunasema hivi. Mmetuuliza kama mlete maziwa ya unga maalumu ya wagonjwa. Kwa wagonjwa wachache wa mrija hospitalini yanafaa, na tutayapokea kwa shukrani. Lakini kopo likiisha, mgonjwa anabaki alipokuwa. Kama tungeulizwa tuchague, tungeomba mtusaidie kulipa mtaalamu wa lishe atakayepita wodini kila siku na kufundisha wafuatiliaji wa jumuiya, pamoja na mizani ya kupimia wasioweza kusimama. Matokeo yake hayatapigwa picha kama kisima. Tutawaletea taarifa ya idadi ya wazee waliofuatiliwa, walioweza kusimama tena, na waliofariki, bila kuficha.

Ndugu wajumbe, kuna jambo moja tunalisema kwa heshima, maana misiba ni yetu sote na kuwazika wapendwa wetu vizuri ni wajibu. Mzee akifariki, usharika huchanga ndani ya siku moja. Ng'ombe huchinjwa, mchele hupikwa kwa masufuria makubwa, watu mia tatu hula wakashiba. Uwezo huo haukuanguka kutoka mbinguni siku ya msiba. Ulikuwapo wiki tatu zilizotangulia, wakati marehemu alipokuwa kitandani akinywa uji wa sukari. Tunachoomba ni sehemu ndogo ya uwezo huo ije mapema.

Katika Injili ya Marko, Bwana Yesu alipomwinua binti Yairo, wazazi walishangaa mno. Yeye akaagiza mtoto apewe chakula. Muujiza ulikuwa umekwisha kutendeka, na bado aliona kwamba aliyeinuliwa anahitaji kula. Wazee wetu wanaorudi kutoka wodi za wagonjwa mahututi nao wameinuliwa. Agizo lililobaki ni letu.

Tunaomba kila kamati, kabla ya kuondoka leo, iandike jina la mzee mmoja wa usharika wake aliyetoka hospitali hivi karibuni, na jina la mtu atakayekwenda kumwona kesho akiwa na mayai na futi. Karatasi ziko mezani kwa katibu. Tutakutana tena robo ijayo kupokea taarifa.